Lamu Bila Msongamano: Safari ya Mkulima wa Chai Baada ya Karo

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa Kabianga mbele ya wakulima wa chai na wanachama wa vikundi vya akiba. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.



Kila mwaka bonasi ya chai inapolipwa, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, maswali mawili huulizwa katika vituo vya kuuzia majani. La kwanza ni shilingi ngapi kwa kilo. La pili huulizwa kwa sauti ya chini: je, mwaka huu familia itaona bahari?

Swali hilo la pili si la anasa. Mtu aliyechuma chai miaka 20 akiwa na kikapu mgongoni ana haki ya kukaa siku chache bila kusikia mvua ikigonga mabati. Wapo wazee hapa Kabianga ambao majani yao yamepita bandari ya Mombasa na kufika Uingereza na Pakistan, ilhali wao wenyewe hawajawahi kukanyaga mchanga wa pwani. Mazungumzo haya ni juu ya namna ya kufika huko, katika kisiwa cha Lamu, na kurudi nyumbani bila majuto.

Tatizo ni kwamba wengi wetu huondoka pamoja, wiki ileile, kupitia barabara ileile. Bonasi ikiwa bado mfukoni na shule zikiwa zimefungwa, kila mtu hutazama Krismasi. Nauli za matatu na mabasi hupanda. Tiketi za garimoshi la kwenda Mombasa humalizika mapema. Vyumba hulipiwa bei ya msimu. Familia hufika imechoka, hupanga foleni kwa kila kitu, kisha hurudi Januari na kukuta karo inasubiri mlangoni. Safari iliyokusudiwa kupumzisha moyo huacha deni.

Basi neno kuu la leo ni hili: anayesafiri Desemba mara nyingi husafiri na karo mfukoni, anayesafiri mwisho wa Januari husafiri na kilichobaki baada ya karo. Na kisiwa anachokiona huyu wa pili ni kizuri zaidi.

Umati huja lini

Mji wa kale wa Lamu umekaliwa na watu kwa zaidi ya miaka 700. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuweka katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na vichochoro vyake vilijengwa kwa ajili ya mtu na punda, si kwa gari. Punda wawili wenye shehena wakikutana katika baadhi ya vichochoro hivyo, mmoja hana budi kungoja. Mji wa namna hiyo hauhitaji watu wengi sana ili ujae.

Nyakati za kujaa zinajulikana. Ya kwanza ni kuanzia wiki ya Krismasi hadi baada ya Mwaka Mpya. Ya pili ni Pasaka. Ya tatu ni Agosti, ambapo likizo ya shule zetu hukutana na likizo ya watu wa Ulaya. Ya nne ni Maulidi, sherehe ya kuzaliwa kwa Mtume Muhammad, inayowaleta waumini kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki hadi Msikiti wa Riyadha. Tarehe yake hufuata mwezi mwandamo na husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ya tano ni tamasha la utamaduni wa Lamu, ambalo kwa kawaida hufanywa Novemba, pamoja na mashindano ya punda na ya majahazi.

Nyakati hizi si mbaya. Anayetaka kuona mashindano ya majahazi ni lazima aende siku ya mashindano. Lakini anayetafuta utulivu azijue tarehe hizo ili azikwepe, na aulize kabla ya kulipia chochote.

Kalenda ya chai na kalenda ya upepo

Mkulima wa Kabianga ana bahati ambayo mfanyakazi wa ofisi jijini Nairobi hana. Kuanzia Januari hadi Machi mvua hupungua, na majani hupungua nayo. Kuchuma hakukomi, lakini mikono inayohitajika ni michache. Huko pwani, miezi hiyohiyo ndiyo ya kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki. Upepo huo ndio ulioleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi. Kwa kawaida mvua huwa chache wakati huo, na bahari si kali kama miezi ya katikati ya mwaka.

Kuanzia Aprili huja kusi, upepo wa kutoka kusini, pamoja na masika. Mwezi wa Mei mvua huwa nyingi Lamu, na baadhi ya nyumba za wageni hufunga. Juni, Julai na Agosti upepo huwa na nguvu na mawimbi huinuka. Kwa hiyo bei ya chini ya Mei ina sababu yake, na anayeifuata asishangae akikaa ndani siku nzima.

Ukiweka kalenda hizi mbili pamoja, nafasi inaonekana wazi. Kuanzia wiki ya tatu ya Januari hadi kabla ya Pasaka, kazi ya chai imepungua, bahari imetulia, wageni wa sikukuu wameondoka na karo ya muhula wa kwanza imekwisha kulipwa.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni Ramadhani, ambayo kwa miaka hii imekuwa ikiangukia Februari na Machi. Mchana sehemu nyingi za kula hufungwa, na si adabu kula au kunywa barabarani. Mgeni anaweza kwenda wakati huo, na usiku wa Ramadhani una uzuri wake baada ya futari, lakini aende akijua. La pili ni watoto. Januari wako shuleni, na hakuna safari inayostahili kumtoa mtoto darasani. Familia yenye wanafunzi itumie siku za baada ya shule kufungwa mwisho wa mwaka, kabla ya katikati ya Desemba. Wakati huo bonasi bado ni mpya, kwa hiyo karo itengwe kwanza, iwekwe katika akaunti isiyoguswa, ndipo nauli ihesabiwe.

Na kabla ya kufunga mlango, kila mtu apange nani atabaki na mifugo. Ng'ombe hakamuliwi kwa simu. Vikundi vingine hupeleka nusu ya wanachama mwaka huu na nusu mwaka ujao, ili waliobaki wawaangalilie wenzao shamba na ng'ombe. Utaratibu huo pia hupunguza umati.

Njia ya kwenda

Kutoka Kericho hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 260. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kuna mabasi, na tangu mwaka 2017 kuna garimoshi la reli ya kisasa. Kutoka Mombasa hadi Mokowe, bandari ndogo ya bara inayotazamana na Lamu, ni takriban kilomita 340 kupitia Malindi, Garsen na Witu. Mabasi ya njia hiyo huondoka mapema asubuhi. Kwa sababu hiyo ni busara kulala Mombasa usiku mmoja badala ya kuunganisha safari usiku na mchana, hasa kwa wazee.

Sehemu ya kutoka Garsen hadi Mokowe imewahi kukumbwa na mashambulizi, na polisi hutoa maagizo kwa magari ya abiria. Msafiri aulize hali ya njia kwa kampuni ya basi na kwa polisi kabla ya kuondoka, asafiri mchana, na awe na kitambulisho cha taifa karibu. Mwenye uwezo anaweza kwenda kwa ndege hadi kisiwa cha Manda, kisha avuke mkono wa bahari kwa mashua.

Kutoka Mokowe hadi mjini Lamu ni safari fupi ya mashua. Kila abiria adai boya la kuvaa kabla ya kuketi. Mashua ikijaa kupita kiasi, ashuke angoje nyingine. Siku ya msongamano ni vigumu kushuka, kwa kuwa kila mtu ana haraka. Siku ya kawaida, nyingine haiko mbali.

Kisiwa kina pande nyingi

Hata siku ambayo wageni ni wengi, wengi wao hukaa mahali pamoja: mbele ya mji, kando ya bahari, na ufukwe wa Shela karibu na mahoteli. Msafiri mwenye subira hupata nafasi yake kwa kubadilisha saa au kwa kutembea zaidi kidogo.

Saa ya kwanza ni alfajiri. Baada ya swala ya asubuhi mji huamka taratibu: punda hupakiwa mchanga na mawe, wavuvi hurudi, mahamri na mbaazi huuzwa mlangoni. Saa hiyo mtaa wa Mkomani, wenye nyumba kubwa za kale na milango ya kuchonga, huwa karibu mtupu. Ngome ya Lamu, iliyokamilika karibu mwaka 1821, na makumbusho ya mji pia zina utulivu asubuhi kuliko alasiri.

Kutoka mjini hadi Shela ni mwendo wa dakika kama 45 kwa miguu. Msikiti wa Ijumaa wa Shela ulijengwa mwaka 1829. Mbele yake unaanza ufukwe mrefu wa kilomita nyingi. Anayetembea nusu saa kupita mahoteli hukuta mchanga, matuta na ndege tu. Asiogelee huko peke yake. Watu wa milimani hatujazoea mikondo ya bahari, na kimo cha maji si kipimo cha usalama.

Upande wa magharibi wa kisiwa kuna Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi. Huko fundi bado huunda chombo kwa shoka, tezo na jicho lake. Kipungani iko mbali zaidi, na wageni ni wachache. Katika kisiwa cha Manda kuna magofu ya Takwa, mji uliokaliwa katika karne ya 15 hadi ya 17. Mashua hupita katikati ya mikoko kufika huko, na inahitaji maji kujaa, kwa hiyo nahodha aulizwe saa kabla ya kupanga siku. Mwenye siku za ziada anaweza kuvuka hadi kisiwa cha Pate, kuona mji wa Pate na ngome ya Siyu. Huko hakuna umati kabisa. Hakuna starehe nyingi pia, na mgeni huishi kama wenyeji wanavyoishi.

Siku tano katika sehemu tatu zatosha. Anayetaka kuona kila kitu kwa siku mbili hujitengenezea msongamano wake mwenyewe.

Mgeni wa watu, si mtazamaji

Watu wa Kericho wanalijua jambo hili kwa upande wa pili. Magari husimama barabarani kando ya mashamba yetu, abiria wakashuka, wakapiga picha za wachumaji bila hata kusema hujambo, wakakanyaga michai na kuacha chupa. Mchumaji hubaki ameinama akijiuliza picha yake inakwenda wapi. Basi yule aliyepigwa picha hivyo asiende kumfanyia hivyo mama anayesuka mkeka Matondoni.

Mkenya anayekwenda Lamu ana kitu ambacho watalii wengi hawana, nacho ni lugha. Kiswahili cha huko, Kiamu, kina maneno yake, lakini salamu ni ileile. Mzee husalimiwa kwanza, swali hufuata baadaye. Mgeni anayesema shikamoo kwa mzee na kungoja jibu hupata njia, bei na hadithi ambazo hazimo katika kitabu chochote. Lamu ni mji wa Kiislamu. Mavazi ya kuogelea ni ya ufukweni, si ya mjini, na leso begani hutatua mengi. Picha ya mtu huombwa. Msikitini hauingii ovyo.

Bei ya mashua, ya chumba na ya mwongozaji ikubaliwe kabla, kwa upole, na yote yanayohusika yatajwe: mafuta, chakula, saa ya kurudi. Wakati wa utulivu, mwenye nyumba ya wageni ana muda wa kupatana na ana sababu ya kupunguza. Hapo msafiri asikamue hadi tone la mwisho. Mkulima anajua maana ya mnunuzi anayeshusha bei kwa kuwa muuzaji hana mwingine. Nahodha aliyekaa siku tatu bila abiria anapolipwa haki yake mwezi wa Februari, fedha hiyo ina uzito kuliko ya Desemba. Hii ni faida ya kuepuka umati ambayo haisemwi mara nyingi: humpunguzia mgeni gharama na humpa mwenyeji riziki katika miezi mikavu.

Jambo moja la asili yetu: mbebeeni mwenyeji wenu pakiti mbili za chai ya kiwanda chenu. Lamu wanakunywa chai nyingi, na wengi wao hawajawahi kukutana na mtu aliyeichuma.

Maji ya kisiwa

Hapa ndipo umati unapogeuka kuwa hatari kwa kisiwa chenyewe. Kisiwa cha Lamu hakina mto. Maji matamu ya mji hutoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, ambako mvua huchujwa na kuhifadhiwa juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kuliko mvua inavyorudisha, chumvi hupanda. Wanahistoria wanaoeleza kwa nini Takwa iliachwa karne ya 17 hutaja maji kuwa ya chumvi, pamoja na ugomvi na Pate. Kwa mapokeo, watu wa Takwa walihamia Shela, na watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kurudi kwenye magofu hayo kuomba mvua.

Mkulima wa chai hahitaji kuelezwa maana ya kuomba mvua. Lakini aliyezoea mvua ya Kericho hufungua bomba bila kufikiri. Huko afungue kidogo, afunge mapema, na asiache plastiki wala taka juu ya matuta.

Visiwa vingine vimelipa gharama ya kupuuza mambo haya. Mwaka 2018 serikali ya Ufilipino ilifunga kisiwa cha Boracay kwa wageni kwa miezi sita, kuanzia Aprili hadi Oktoba, kwa sababu maji taka yalikuwa yakiingia baharini. Wafanyakazi wa hoteli, waendesha mashua na wachuuzi walibaki bila kazi muda huo wote. Umati uliowalisha ndio uliowafungia.

Afya kabla ya safari

Kabianga iko juu na ina baridi, kwa hiyo mwili wa mtu wa hapa haukuzoea malaria kama wa mtu wa Pwani. Kabla ya kusafiri, kila mmoja apite kituo cha afya aulize juu ya dawa za kinga, hasa akina mama wajawazito, watoto na wazee. Alale ndani ya chandarua. Akipata homa, hata wiki kadhaa baada ya kurudi, apimwe mara moja na amwambie mhudumu kwamba alikuwa Lamu. Watu wa milimani wamewahi kupoteza maisha kwa kudhani homa ya malaria ni mafua ya baridi ya nyumbani.

Wenye shinikizo la damu au kisukari wabebe dawa za siku zote na ziada. Mjini Lamu kuna hospitali ya kaunti ya King Fahad, lakini Pate na Kipungani ni mbali nayo. Michango ya bima ya afya ya SHA iwe imelipwa kabla ya safari.

Hesabu ya mwisho

Chukulieni mfano wa kikundi cha akina mama 12 wanaoweka akiba kila wiki. Wakianza Machi, wana miezi kumi kabla ya safari ya Januari inayofuata. Bonasi ya Oktoba inaingia kama nyongeza, haiwi tegemeo, kwa sababu bonasi haifanani mwaka hadi mwaka wala kiwanda hadi kiwanda. Waliopanga safari kwa bonasi peke yake wamewahi kuikosa yote miwili, bonasi na safari. Kikundi hicho kikiweka mahali pa kulala mapema, kikanunua tiketi za siku za katikati ya wiki, na kikawa na sehemu ndogo ya dharura isiyoguswa, hakitahitaji kukopa kwa simu njiani.

Atakayekwenda hivyo ataona Lamu ambayo mtu wa Krismasi haoni. Ataketi barazani mwa mtu jioni, amalize kikombe, na asiambiwe kuna mwingine anangoja kiti. Atarudi Kabianga kabla ya mvua kuanza na majani kujaa tena, na hatakuta barua ya shule mezani.

Maswali juu ya afya ya msafiri yapelekwe katika kituo cha afya kilicho karibu, na ya usalama wa njia katika kituo cha polisi.